Chapati, cherehani, sabuni au kuku: ipi inaingia nyumbani kwako?

Mdogo wangu alinipigia simu saa nne usiku. Duka alilokuwa akiuza limefungwa, amelipwa stahiki zake, na mkononi amebaki na shilingi 600,000. "Dada, nifuge kuku? Jirani yangu hapa amefuga, sasa hivi amenunua hadi kochi."

Anaishi Busia, upande wetu wa Uganda, mpakani na Kenya, yeye, mume wake na watoto wawili. Wana chumba na sebule, na ua wanaogawana na wapangaji wengine watatu. Mimi nipo Kireka, karibu na Kampala. Kati ya biashara nne nitakazozilinganisha hapa nimefanya tatu kwa mikono yangu, na moja ilinitoa machozi. Nilimwambia anipe wiki moja nimwandikie. Niliyomwandikia ndiyo haya, nimeyapanua kidogo kwa wengine walio na swali kama lake.

Swali la "ipi ina faida" nililiweka kando mapema. Kila biashara ina faida ukisimuliwa na aliyefaulu, na aliyeshindwa huwa hasimulii. Nilimtaka ajiulize mambo matatu. Pesa ikitoka mkononi, inarudi baada ya siku ngapi? Mambo yakiharibika, unabaki na nini? Na hiyo nyumba unayoishi, pamoja na majirani zake, maji yake na mita yake ya umeme, inaweza kuibeba kazi hiyo?

| | Chapati na mandazi | Cherehani | Sabuni ya maji | Kuku wa nyama |
|---|---|---|---|---|
| Pesa inarudi | jioni hiyo hiyo | siku 3 hadi wiki 2 | wiki 1 hadi mwezi | wiki 6 hadi 7 |
| Ikiharibika unabaki na | kikaango na sigiri | mashine unayoweza kuiuza | sabuni ya kufulia nguo zako | mashimo ya kuzikia |
| Nyumba inadai | moto na njia ya wapita njia | mwanga na kona kavu | maji mengi | banda, na majirani wavumilivu |
| Adui mkubwa | deni na watoto wako | ahadi usizotimiza | washindani | ugonjwa na bei ya chakula |

Jedwali ni fupi, na halisemi kila kitu.

Chapati na mandazi

Nimekulia kambini. Baba alikuwa askari, na Kiswahili changu ni cha kambi, kwa hiyo nikikosea ngeli mtanisamehe. Mama alikuwa akikaanga mandazi alfajiri, na wateja wake walikuwa askari wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Kila mmoja alikuwa na mistari yake ya mkaa, hesabu ya deni lake, nyuma ya mlango wa jikoni. Siku moja ikaja amri ya uhamisho, lori likapakia watu na magodoro, na mistari ikabaki mlangoni. Mama hakuifuta kwa muda mrefu. Nadhani alitaka sisi tuione.

Uzuri wa chapati ni kwamba unajua jioni hiyo hiyo kama umepata au umekosa. Kilo moja ya unga inatoa chapati 10 hadi 12, kutegemea mkono wako ni mzito kiasi gani. Tuchukue mfano wa chapati 40. Tuseme unga, mafuta, chumvi, makaa na kaveera (mifuko ya plastiki) za kufungia vimekula shilingi 14,000. Chapati moja imekugharimu 350. Unauza kwa 500, unapata 150 kwa kila moja, na siku nzima 6,000. Bei za kwenu weka mwenyewe. Za Busia si za Kireka, na mpakani mafuta ya kupikia hubadilika bei kufuata upande unakonunua.

Sasa tuingize maisha ya kweli. Watoto wamekula 8 asubuhi na jioni. Jirani, fundi wa pikipiki na yule mwalimu mpole wamechukua 10 kwa deni. Umeuza 22 kwa pesa taslimu, yaani shilingi 11,000. Kesho unahitaji 14,000 kukanda tena, na mkononi huna. Biashara yenye faida ya 6,000 kwa siku imekufa siku ya kwanza, na wala hujalala vibaya, kwa sababu bakuli lilikuwa tupu na ukafikiri umeuza zote.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwenye chapati ni daftari, lenye mstari wa watoto. Kikaango kije baadaye. Wakila, wameandikwa, na baba yao anazilipa kutoka pesa ya chakula cha nyumbani. Mdogo wangu alicheka nilipomwambia hivyo. Mimi sikuwa nacheka.

Jambo jingine ni makaa. Watu hupiga hesabu ya unga na mafuta wakasahau sigiri. Tangu Mei 2023, amri ya rais ilipopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi, makaa si kitu cha kubahatisha tena. Pima mfuko mmoja unakaanga chapati ngapi, uandike. Ukijua hilo utajua pia kama inakulipa kukaanga mara mbili kwa siku au kuwasha mara moja na kumaliza. Watu wa rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wanaokaa barabarani wanalijua hili kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana sigiri zao hazizimwi katikati ya siku.

Kuna wakati chapati haifai kabisa. Nyumba ikiwa ndani sana, mahali ambapo mtu hapiti ila akipotea, utapika kisha uanze kutembeza, na kutembeza ni kazi nyingine yenye gharama zake. Simama mlangoni kwako kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, siku mbili, uhesabu wapita njia. Ukichoka kuhesabu, hiyo ni dalili nzuri.

Cherehani

Hapa pesa inakwama mahali pamoja, kwenye mashine. Ila pesa hiyo haifi. Cherehani yangu ya kukanyaga kwa miguu, ile ya Butterfly, niliinunua ikiwa imetumika. Miaka miwili baadaye niliiuza nikapata karibu nilichotoa. Kuku aliyekufa humwuzii mtu, na chapati ya jana unaila mwenyewe.

Ya kukanyaga haihitaji umeme, na kwa aliyepanga hilo ni jambo kubwa, nitalirudia. Ila haitoshi kuwa na mashine. Anayejua kushona mstari ulionyooka tu atapata kazi za viraka na kupunguza suruali, kazi ambazo si mbaya kwa kuanza na hulipwa papo hapo. Gauni la kitenge la kwenda harusini ni kitu kingine. Ukilikata vibaya unalipa kitambaa, na jina lako linafika sokoni kabla yako. Kama hujui kushona, hesabu miezi kadhaa ya kukaa kwa fundi ukijifunza, na miezi hiyo nayo ni mtaji.

Nafuu ya cherehani ni kwamba mteja anaweza kukuletea kitambaa chake na malipo ya mwanzo. Mshonaji anayechukua nusu ya malipo kabla ya kukata hana haja ya kununua chochote zaidi ya uzi, zipu na vifungo. Kampala, vitambaa na vikorokoro vya kushonea watu hufuata Kiyembe, katikati ya mji. Wewe wa mpakani unajua vitenge vinapita wapi.

Pia ina majira. Muhula wa kwanza wa shule hufunguliwa karibu na Februari, wa pili mwishoni mwa Mei, wa tatu Septemba. Wiki tatu kabla ya kila kimoja wazazi hutafuta sare. Krismasi na Iddi ni magauni. Kati ya hapo kuna wiki ambazo utakaa ukitazama mashine nayo ikikutazama. Mwenye cherehani peke yake, bila kazi nyingine ndogo ya kila siku, huumia hasa Machi na Oktoba.

Adui yake ni mdomo wa fundi mwenyewe. "Njoo Ijumaa." Ijumaa haijaisha. Mteja wa nyumbani hana pa kwenda kulalamika ila kwa majirani, na majirani ndio soko lako.

Sabuni ya maji

Hii nitaipita haraka, kwa sababu karibu kila kikundi cha akina mama na kila kanisa limeshaifundisha. Ungaroli (kemikali ya kutoa povu), chumvi, rangi, manukato, maji, mwiko mrefu na jerikani. Unakoroga, unaacha usiku kucha povu litulie, asubuhi unajaza chupa. Kosa la wanaoanza ni chumvi. Chumvi ndiyo inayofanya sabuni iwe nzito, kwa hiyo mtu anaiongeza ili ionekane nzito zaidi. Ikipita kiwango inafanya kinyume, sabuni inalegea na kuwa kama maji, na hairudi. Ongeza kidogo kidogo, ukoroge, ungoje, ndipo uongeze.

Shida yake ni soko. Kazi inayofundishwa kwa mchana mmoja ina washindani mtaa mzima, na bei inashuka hadi karibu na gharama. Niliowaona wakisimama ni wale wenye wateja wanaotumia jerikani nzima, kama saluni, waosha magari, mikahawa na shule. Kabla ya kununua ungaroli, tafuta watano kati yao waseme wanatumia kiasi gani kwa wiki na wanalipa lini. Wakisema "mwisho wa mwezi", rudi kasome habari ya mistari ya mkaa.

Ukiwa na ndoto ya rafu za supamaketi, utakutana na alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango lenye makao makuu Bweyogerere, si mbali na kwangu. Hutazama bidhaa na pia mahali inapotengenezwa. Jiko unalopikia ugali halitapita. Hiyo ni safari ya mwaka wa pili.

Na tafadhali, usijaze sabuni kwenye chupa ya soda bila kuiandika. Mtoto anaona soda.

Kuku wa nyama

Hii ndiyo iliyonitoa machozi, kwa hiyo jua kwamba hapa mimi si hakimu mzuri.

Broila huuzwa baada ya wiki 6 hivi, na neno "wiki sita" limewaponza wengi. Linasikika fupi. Kwa muda huo kila ndege hula kilo 3.5 hadi 4 za chakula, na sehemu kubwa huliwa wiki mbili za mwisho. Kuku 100 waliokomaa wanamaliza kilo 15 na zaidi kwa siku moja. Tufanye hesabu na zile 600,000 za mdogo wangu. Tuseme kifaranga ni 3,000 na kilo ya chakula ni 2,300. Vifaranga 100 ni 300,000. Chakula kilo 350 ni 805,000. Tayari tumepita mbali, na hatujagusa chanjo, makaa ya kuwapasha joto, wala maranda ya sakafuni. Mtu wa namna hii huishiwa pesa wiki ya nne, kuku wakiwa wamekonda na hawauziki, kisha anakopa popote ili wale.

Kwa 600,000 unaweza kubeba kuku 40. Vifaranga 120,000, chakula kilo 150 ni 345,000, na mengine tuseme 80,000. Jumla 545,000. Wakifa watatu tu, na hiyo ni bahati, unauza 37 kwa tuseme 18,000 kila mmoja, unapata 666,000. Faida ni 121,000 baada ya wiki sita au saba za kuamka usiku. Zile chapati 40 kwa siku, zikiuzwa zote kwa pesa taslimu, zinatoa 240,000 kwa siku 40 za kazi. Sisemi kuku ni wabaya. Nasema ni biashara ya idadi kubwa, na mwenye 600,000 anaingia kwenye idadi ambayo haimlipi. Jirani wa kochi nilitaka kujua alianza na ngapi. Mdogo wangu akauliza. Mia tatu, na mume wake ana mshahara.

Ukiamua hata hivyo, siku saba za kwanza ndizo kila kitu. Kifaranga anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na kipimo rahisi ni tabia yao. Wakibanana chini ya chungu cha makaa wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wakiachama, umewachoma. Chanjo za kideri na Gumboro zina siku zake, na duka la mifugo lisilokuandikia tarehe hizo kwenye karatasi litafutie mbadala. Mimi niliambiwa na mwuzaji mmoja kwamba vifaranga wangu "wameshachanjwa vyote". Sikudai karatasi. Wiki ya tatu nilikuta 11 asubuhi ya kwanza, 20 na kitu ya pili, ya tatu sikuhesabu.

Panga kwa kurudi nyuma pia. Kuku wa Krismasi huingia bandani wiki ya kwanza ya Novemba. Kila siku anayokaa baada ya kukomaa anakula faida yake mwenyewe, kwa hiyo wanunuzi watafutwe wiki ya nne. Na kama upo Kampala, kuna sheria ndogo za mji za mwaka 2006 zinazotaka kibali cha kufuga. Watu wengi hufuga bila hicho kibali mpaka jirani achoke na harufu, ndipo wanaijua sheria.

Nyumba yenyewe

Huku Kampala chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo. Mgeni wa Kiswahili hucheka, lakini kwa kweli ukianza biashara ndani yake utaona jina limekaa sawa.

Kabla ya kununua chochote, zungumza na mwenye nyumba. Mwambie unachotaka kufanya na saa zake, na kama ana neno aliseme sasa. Aliyeambiwa mapema huwa mteja. Aliyeshtukia moshi ndiye huja kupandisha kodi. Baada yake nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa. Barua yake ya utambulisho utaihitaji mahali pengi, hata kwenye kikundi cha mikopo, na mtaani ndiye atakayeamua kesi yako ya kwanza na jirani.

Kisha umeme. Tangu Aprili 2025, kampuni iitwayo Umeme ilipomaliza mkataba wake, kampuni ya serikali UEDCL ndiyo inayosambaza, lakini mita ni ile ile ya Yaka ya kulipia kabla. Uniti 15 za kwanza za mwezi kwa matumizi ya nyumbani zina bei nafuu. Ila mkigawana mita moja wapangaji wanne, hizo 15 zinaisha kabla hujageuka, na mwenye pasi ya umeme au friji ndiye atakayetajwa kila Yaka ikikata. Hapo ndipo cherehani ya kukanyaga na pasi ya makaa zinaposhinda. Kwa sabuni ugomvi utahamia kwenye bomba. Kama unachota kwa jerikani, hesabu bei ya kila jerikani na mgongo wa anayebeba.

Karatasi: sasa au baadaye?

Kuna shule mbili za mawazo. Moja inasema sajili kwanza, jina lisiibiwe. Nyingine inasema uza kwanza. Mimi niko katikati, na nitasema kwa nini.

TIN, namba ya mlipakodi, haina malipo, na utaulizwa kila unapokwenda. Ichukue mapema, na usimlipe mtu "akusaidie". Kuwa nayo hakumaanishi unadaiwa. Kwa biashara ndogo zenye mauzo chini ya milioni 150 kwa mwaka, kodi hupigwa kwenye mauzo, na mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka hayatozwi hiyo kodi. Chapati 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni milioni 6.24 kwa mwaka. Upo chini. Ukifika milioni 20, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, yaani shilingi 40,000. Asiye na kumbukumbu hulipa 80,000. Lile daftari lenye mstari wa watoto limeshakuokolea nusu.

Jina la biashara husajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali, siku hizi hata kwa mtandao. Lakini jina la biashara halikutengi na madeni. Ukidaiwa, ni wewe unayedaiwa, na kitanda chako. Kampuni ni mtu tofauti kisheria, na tangu sheria ya mwaka 2012 mtu mmoja anaweza kuwa nayo peke yake. Tatizo ni ripoti za kila mwaka, ambazo mwuza chapati hana sababu ya kujibebesha. Fundi anayetaka zabuni ya sare za shule ana sababu. Kwa mdogo wangu nilisema jina lisubiri mwezi mmoja wa mauzo. Watu wengi husajili "Blessed Enterprises" na kuchapisha kadi kabla hawajamuuzia mtu kitu, halafu wanagundua wanapenda kushona kuliko kukaanga.

Leseni ya biashara ndiyo isiyosubiri, ingawa wengi wanadhani inasubiri. Hutolewa na halmashauri ya mji au, kwa Kampala, na KCCA, mamlaka ya jiji, na kuwa nyuma ya pazia la sebule hakukuondoi kwenye sheria. Nenda kaulize mapema kazi yako imewekwa daraja gani na inalipiwa kiasi gani, uiingize kwenye hesabu ya mtaji. Kwa chakula, uliza siku hiyo hiyo habari za cheti cha kupimwa afya. Fomu nyingi utazikuta kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye katiba yetu tangu marekebisho ya 2005, na baraza la mawaziri lililitilia mkazo tena Julai 2022, lakini dirishani bado hatujafika. Nenda na mtoto wa sekondari.

Pesa ya kuanzia, na ya kuongezea

Akiba yako, nigiina, mkopo wa parokia (eneo la utawala, si la kanisa), mkopo wa simu. Niliviweka kwa mpangilio wa usingizi, kutoka kile kinachokuacha ulale.

Nigiina, mchezo wa akina mama wa kupokezana, hauna riba, lakini zamu yako huja inapokuja. Unafaa kwa cherehani, kitu cha kununua mara moja. Kwa kuku haufai, maana hawangoji zamu.

Mpango wa serikali wa PDM, uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, hupeleka shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, na kaya inaweza kukopa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Unalengwa kwa kaya zinazoishi kwa kujikimu, na lazima uwe ndani ya kikundi chenye shughuli inayotambulika parokiani. Milioni 1 kwa mwaka mzima inakugharimu 60,000. Sasa linganisha na mkopo wa simu wa siku 30. Tuseme ada ni asilimia 9. Ukikopa 200,000 unalipa 18,000, inaonekana ndogo. Ukiurudia kila mwezi kwa mwaka, umelipa 216,000 kwa pesa ambayo haikuzidi laki mbili. Anayeuza chapati akakopa asubuhi ya msiba na kulipa wiki ileile, sitamlaumu. Mfuga kuku anayelisha kwa mkopo wa simu, simwombei mabaya, namwombea wateja.

Wakopeshaji binafsi wanatakiwa kuwa na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia mikopo midogo, tangu sheria ya 2016. Anayekutaka kadi yako ya benki na namba ya siri abaki nayo, usimwulize hata leseni. Ondoka.

Na pesa inayoingia ipitie laini yake, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako wewe, si cha shemeji. Kutoa pesa za simu kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kampuni, kwa hiyo usitoe ili ukamlipe mwuza unga taslimu. Mtumie humo humo kama anakubali. Kutangaza, WhatsApp inatosha kwa kuanza. Facebook imezuiwa nchini tangu Januari 2021, na mteja anayewasha VPN ili aone picha ya chapati bado sijakutana naye.

Alichochagua

Alinipigia Jumapili. Amehesabu wapita njia, asubuhi mbili, wengi wao wakielekea mpakani kabla ya saa moja. Chapati, basi. Ametenga 150,000 za sigiri, kikaango, meza, unga wa wiki na leseni. Laki mbili ameziweka mbali kwa ajili ya cherehani iliyotumika ya jirani wa kanisani. Anajua kushona kidogo, alijifunza kwa shangazi. Zilizobaki hataki hata kuniambia ziko wapi, nami nimefurahi.

Jana akanitumia picha ya daftari. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wake ule wa kulala: chapati 40, taslimu 29, deni 0, watoto 8, shemeji yako 3. Mbele ya shemeji ameandika kwa wino mwekundu: *amelipa mbili*.